Muhuri wa Dhahabu na Kifaransa Changu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Asubuhi mstarini Mwalimu Mkuu ametangaza jambo jipya. Mwanafunzi yeyote wa darasa la mwisho atakayethibitisha kwamba anazijua barabara lugha mbili, cheti chake kitapigwa muhuri wa dhahabu. Si dhahabu ya kweli. Nimeuliza. Lakini unang'aa, na jina lako linasomwa ukumbini mbele ya wazazi wote.

Sikuuhitaji. Naliandika hili liwe wazi. Nilikuwa tayari kuishi maisha yangu yote bila muhuri.

Kisha jioni akaja Shangazi na kitambaa cha kushonewa gauni. Shangazi ni dada yake Baba. Binti yake, binamu yangu, yuko darasa moja nami, na shule nzima humwita Kasuku kwa sababu hujibu kwa Kifaransa hata asipoulizwa. Shangazi alinyoosha mikono apimwe, akasema muhuri ni wa Kasuku, hilo halina mjadala. Kisha akanitazama kwa huruma. Akasema mimi nisijisumbue. Mtoto aliyelelewa katika nyumba isiyo na maneno, lugha ya pili ataitoa wapi, na hata hiyo ya kwanza kaiokota kwa majirani?

Mama ni kiziwi tangu utotoni. Ni fundi cherehani, na mimi ndiye mdomo wake kwa wateja. Aliniuliza kwa mikono wifi yake kasema nini. Nikamtafsiria: anaomba kitambaa kikatwe kwa uangalifu. Mama akamtazama Shangazi, akanitazama mimi, akasema midomo ile imecheza sana kwa kitambaa kimoja.

Basi nimeamua. Nitaupata muhuri huo. Na nitaupata kwa Kifaransa, lugha ile ile ya Kasuku, ili Shangazi akose pa kuweka uso. Hadi sasa najua kusema habari za asubuhi, asante, na maneno yaliyoandikwa kwenye kopo la mafuta ya nywele. Nahisi yanamaanisha usipake machoni.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimejisajili. Mwalimu wa Kifaransa, mwanamke mpole mwenye sauti ya mgonjwa, alinikabidhi fomu. Mahali palipoandikwa "Lugha nyingine itumikayo nyumbani" nilipiga mstari. Akauliza, na mama yako mnazungumzaje? Nikamwambia hatuzungumzi, tunapunga mikono tu. Akashika kidevu. Akauliza kama nina hakika ninataka Kifaransa. Nikamwambia nimekitaka maisha yangu yote.

Mtihani ni tarehe kumi na mbili. Maswali arobaini ya kuchagua jibu, kisha mahojiano. Siku nane! Watu wamejenga nyumba kwa siku nane. Zilianguka, lakini walizijenga.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimejishusha. Nimemwomba Kasuku anifundishe, nami nimshonee pindo la sketi. Akakubali upesi mno. Ningeshtuka hapo hapo, lakini mtu mwenye haraka hana macho.

Alinifundisha sentensi moja ndefu, nzuri, yenye mapozi. Akasema maana yake ni, Mwalimu, nimefurahi kukuona tena, natumaini umeamka salama. Nikaikariri njia nzima. Nikamkuta Mwalimu wa Kifaransa mlangoni pa ofisi ya walimu, nikainama kidogo, nikaimwaga yote bila kujikwaa.

Akaniuliza tangu lini.

Nilikuwa nimemwambia kwamba mimi ni boga na naomba nichemshwe polepole. Nyuma ya mlango Kasuku alicheka mpaka akakaa chini.

Sawa. Nimemshonea pindo lake kwa uzi mmoja mwembamba, wa kukatika kwenye ngazi ya kwanza. Bahati mbaya Mama aliiona sketi kabla sijaipeleka. Akatikisa kichwa, akafumua, akashona upya mara mbili. Sasa lile ndilo pindo imara kuliko yote shuleni. Hata kisasi changu kimerekebishwa na fundi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeacha kujifunza. Kujifunza ni njia ya watu wenye muda.

Mpango mpya una mtu mmoja, naye ni Miwani. Miwani ni mwanafunzi mwenzangu, msichana mwenye haya kuliko kobe. Mtihani wowote humaliza kwa nusu ya muda, kisha hutoka nje kwa sababu akikaa tumbo humsokota. Kifaransa anakijua. Nikamwuliza, ukishatoka huwa unasimama wapi? Akasema karibu na bomba la maji. Na bomba la maji linatazamana na dirisha la ukumbi! Mambo mengine hupangwa na mbingu.

Majibu ni herufi nne tu. Nikamfundisha namna ya kuzionyesha kwa vidole, jinsi viziwi wanavyotamka herufi. Atasimama pale kama mtu anayesubiri maji, ataonyesha namba na herufi, nami nitaandika. Hakuna karatasi, hakuna mnong'ono. Nani katika shule ile atajua kwamba vidole vinasema?

Mwanzoni alikataa. Nikamwahidi gauni la siku ya kukabidhiwa mihuri, gauni lenye mikono mipana, la kushonwa na Mama. Akakubali. Mama hajui habari za gauni. Atajulishwa kwa wakati wake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Miwani alikuja nyumbani kufanya mazoezi. Herufi nne hazikumtosha. Akataka zote. Kisha akamgeukia Mama, akaonyesha sindano, akauliza kwa macho inasemwaje. Mama akamwonyesha. Uzi je? Mkasi? Kitufe? Walikaa saa mbili. Mimi nilikaa kwenye kigoda kama mteja asiye na kitambaa.

Alipoondoka Mama aliniambia kwamba rafiki yangu ana mikono mizuri.

Mikono mizuri! Miaka kumi na minane nimekuwa na mikono hii mbele ya macho yake. Hajawahi kuisema kwa jema wala kwa baya. Nimekwenda kulala mapema bila kuaga.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku ya mtihani. Msimamizi hakuwa wa kwetu. Ni mkaguzi kutoka ofisi ya elimu, mwanamke mrefu, suti ya kijivu, viatu visivyo na kishindo. Sikumwogopa. Niliogopa viatu vyake tu.

Miwani alitoka kwa wakati wake. Akasimama bombani. Moja, B. Mbili, D. Tatu, A. Nikaandika kama mtu aliyezaliwa huko huko Ufaransa. Tulifika kumi na tisa bila kosa. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza namna nitakavyomsalimia Shangazi kwa Kifaransa.

Mkaguzi alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwetu, akitazama nje. Nilidhani anapunga upepo. Alitazama muda mrefu. Kisha akaja taratibu mpaka mezani pangu, akasimama, na bila kufungua mdomo akaniambia kwa mikono:

"Mwenzako kakosea namba saba."

Nami kabla akili haijaamka mikono ikamjibu:

"Una hakika?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Si kwa karatasi wala kwa mdomo. Nimesalitiwa na viungo vyangu mwenyewe.

Miwani alikiri kabla hajaulizwa. Alikuja mbio kutoka bombani akilia, akakiri kwa Mkaguzi, akakiri kwa Mwalimu Mkuu, akakiri hata kwa mtunza ghala aliyekuwa anapita. Hafai kabisa kwa kazi hii.

Kesho Mama ameitwa shuleni.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Naandika polepole. Leo ni siku ndefu.

Ofisini tulikuwa watano. Mwalimu Mkuu mezani, Mwalimu wa Kifaransa pembeni, Mkaguzi kwenye kiti cha kona, Mama na mimi mbele. Mama alivaa gauni lake la buluu la heshima. Na nani wa kumtafsiria Mama? Mimi. Mshitakiwa ndiye mkalimani. Nikaona mlango umefunguka.

Mwalimu Mkuu akasema, "Mwambie mama yako kwamba umeiba mtihani."

Nikamwambia Mama kwamba Mwalimu Mkuu amefurahi sana kumwona, na anasema nimeushangaza mtihani.

Mama akatabasamu. Akasema anashukuru, na kwamba nyumbani pia huwa nafanya bidii nikisukumwa. Nikamgeukia Mwalimu Mkuu, nikasema Mama amesikitika, anaomba radhi, na adhabu atanipa yeye mwenyewe nyumbani, shule isijisumbue. Mwalimu Mkuu akauliza mbona anatabasamu. Nikasema kwetu huzuni huanza hivyo.

Ikaenda hivyo kwa dakika kumi. Yeye anakaripia, mimi nasifia. Mama anashukuru, mimi naomba radhi. Jasho lilinitoka lakini sikujikwaa hata mara moja. Mwishoni Mwalimu Mkuu alikuwa karibu kumwonea Mama huruma, na Mama alikuwa karibu kumwalika Mwalimu Mkuu nyumbani.

Ndipo Mkaguzi akakohoa. Nilikuwa nimemsahau! Akamsogelea Mama, akamsalimu kwa mikono kwa adabu, akamweleza yote. Mtihani. Bomba. Dirisha. Gauni la Miwani. Mama alitazama mikono ile bila kupepesa. Kisha akanitazama mimi. Ningependa sakafu ipasuke lakini ilikuwa ya saruji.

Mkaguzi akawageukia walimu. Akasema kaka yake mkubwa ni kiziwi, hivyo yeye mwenyewe aliijua lugha ya alama kabla ya kujua kusoma. Akasema katika miaka yote ya ukaguzi hajaona jambo kama hili. "Kudanganya kwa lugha mbili kwa mpigo, mbele ya watu wanne, bila kusita," akasema, "si kazi ya mtu anayebabaisha lugha." Kifaransa changu kimefutwa na sitakigusa tena. Lakini kama nikitaka, kuna nafasi ya kupimwa kwa lugha ya alama.

Nilipandwa na hasira. Nikasema sitaki. Nikasema ile si lugha. Ni mambo ya nyumbani, ni kupunga mikono tu, Shangazi atanicheka mpaka kaburini.

Sasa, mimi nina mazoea. Mama akiwepo, nikisema kwa mdomo bila kuichunga mikono, nayo husema. Sijiamrishi. Imekuwa hivyo tangu nikiwa mdogo ili asiachwe nje ya maneno. Kwa hiyo kila nililolisema, mikono ilimwambia Mama. Si lugha. Kupunga tu. Safari hii nilitafsiri sawasawa, neno kwa neno.

Mama alichukua mkoba wake. Akawashukuru wote mmoja mmoja. Akaondoka.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Watu hudhani nyumba ya kiziwi huwa kimya siku zote. Hawajui. Kwetu ukimya ni Mama akiweka mikono mifukoni.

Ameiweka tangu Alhamisi. Akihitaji kitu anakichukua mwenyewe. Nikisimama mbele yake anageuza uso, na mtu wa mikono akigeuza uso umeshafungiwa mlango. Baba ni dereva wa lori, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Sina wa kusema naye.

Vibaya zaidi, leo asubuhi alikuja Miwani kuomba radhi kwa Mama, akabaki mpaka mchana akiwatafsiria wateja, neno asilolijua akilitaja kwa vidole herufi kwa herufi. Anatafsiri kila kitu kama kilivyo! Mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali za mumewe alisema kazi imechelewa. Mimi ningesema anasifu mshono. Miwani akamwambia Mama kwamba kazi imechelewa. Mama akaomba radhi, yule mteja akashika mkono wa Mama, wakaelewana, akaagiza nyingine mbili. Sijui biashara ile itafika wapi.

Alasiri nilishindwa kuvumilia. Mama alikuwa anapiga pasi, amenipa kisogo. Kwenye kona ya kupimia kuna kioo kirefu cha wateja. Nikasimama mahali ambapo akiinua macho atanikuta ndani ya kioo. Nikasubiri. Miguu ikafa ganzi. Akainua macho.

Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia Shangazi alisema nini siku ile, yote, bila kuongeza wala kupunguza. Nikamwambia nilitaka kumwonyesha kwamba nyumba yetu ina maneno.

Akaweka pasi pembeni. Akatoa mikono mifukoni. Akasema maneno ya Shangazi aliyasoma midomoni siku ile ile. Alisubiri kuona kama nitamwambia. Akasema ya Shangazi hayakumuuma, amezoea. Akasema yangu ndiyo yaliyomuuma.



Kisha akauliza, "Unaomba msamaha, au unautaka muhuri?"

Nikasema vyote viwili.

Mama akacheka. Kicheko chake ni kikubwa, hajui ukubwa wake, na majirani hukifahamu. Akasema nikajisajili Jumatatu.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nimepimwa. Mkaguzi alikuja na kaka yake, seremala mzee, mikono minene yenye makovu ya msumeno. Mwanzo niliambiwa nisimulie jambo lolote kwa dakika tano. Nikasimulia siku Shangazi alipokwama ndani ya gauni alilong'ang'ania lishonwe jembamba, tukamtoa kwa sabuni. Seremala alicheka mpaka akafuta machozi. Akaomba nirudie pale pa sabuni.

Kisha yeye akasimulia, mimi nikitafsiri kwa sauti. Nikajua nitamaliza upesi. Haikuwa hivyo. Alisema zamani, alipokuwa shule, mwalimu aliwakataza kusema kwa mikono. Aliyekamatwa alichapwa vidole kwa rula. Walikuwa wakingoja taa zizimwe, wakaandikiana maneno viganjani gizani, mmoja mmoja, wamepangana vitandani, ili habari ifike hadi wa mwisho.

Mkalimani asiye na nia mbaya ana kazi ngumu sana. Sikujua. Kila neno lilitaka lisemwe lilivyo. Nilipofika kwenye rula sauti ilikatika. Seremala akaniambia kwa mikono nisiwe na haraka, yeye amesubiri miaka hamsini.

Nilipotoka Mama alikuwa kwenye benchi nje ya ukumbi. Aliuliza imekuwaje. Nikamwambia. Akaichukua mikono yangu, akaitazama juu na chini kama anayekagua kitambaa. Hakusema lolote. Mikono yake ilikuwa imeishika yangu, isingeweza kusema. Nimeelewa hivyo hivyo.

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Ukumbi ulijaa. Mihuri kumi na moja. Kasuku kapata wake. Miwani, aliyerudia mtihani peke yake mbele ya Mwalimu wa Kifaransa, kapata. Alivaa gauni lenye mikono mipana. Mama alilishona baada ya yote. Alisema ahadi iliyotolewa kwa jina la fundi ni deni la fundi. Kola na pindo nimeambiwa nishone mimi, kwa uzi wa maana.

Jina langu lilisomwa la mwisho. Mwalimu Mkuu akatamka, lugha ya alama, na watu wakatazamana kama waliosikia vibaya. Kule nyuma seremala akainua mikono juu akaitikisa, ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Mama akainua yake. Miwani akainua. Kisha, sijui nani alianza, ukumbi mzima ukawa mikono hewani, kimya kabisa. Hata ya Kasuku niliiona. Ya Shangazi ilichelewa, lakini ilipanda.

Nilishuka jukwaani kichwa juu. Sikumwangalia Shangazi. Nilimwangalia mara mbili tu.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Nimetulia, nimeyatafakari haya yote kama mtu mzima. Somo ni wazi. Kama nisingeiba mtihani, Mkaguzi asingetazama dirishani. Asingetazama dirishani, asingejua kwamba najua. Asingejua, muhuri nisingeupata. Watu wanaohubiri uaminifu hawajalifuata jambo hili mpaka mwisho wake.

Leo mstarini Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba mwenye lugha tatu atapewa muhuri mkubwa zaidi, wenye utepe. Kasuku aligeuka akanitazama. Alitabasamu. Hakupaswa kutabasamu.

Nimejisajili kwa Kireno. Mwalimu wa Kifaransa ndiye anayepokea fomu. Alishusha kalamu, akaniuliza Kireno nimekijulia wapi. Nikamjibu bila kupepesa kwamba ni kwa Baba. Baba ni dereva wa lori, nikasema, husafiri nchi za mbali, huko kote ni Kireno tupu, na akirudi nyumbani ndicho tunachozungumza mezani.

Baba hubeba matofali. Mbali kabisa alikowahi kufika ni ng'ambo ya mto, na huko alipotea.

Karudi jana jioni. Kesho naanza kumfundisha.